Mihadhara 6 ya bure ya historia ya sanaa kwa wasiojua kitu: nianzie wapi, picha ngapi?

Mgeni_wa_Ukumbi

Wakuu, salaam. Naandaa mfululizo wa mihadhara ya bure ya kuwaingiza watu wapya kwenye historia ya sanaa. Mihadhara ni 6, mmoja kila wiki, dakika 60. Ukumbi unachukua watu kama 40, projekta ni moja, kiingilio hakuna, usajili hakuna. Kwa hiyo atakayekuja wiki ya tatu huenda wiki ya kwanza hakuwepo.

Rasimu niliyo nayo inaanzia michoro ya mapangoni na kuishia karne ya 20, picha 50 kwa kila mhadhara. Nikipiga hesabu naona ni kama dakika moja kwa picha, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka. Naomba mnisaidie:

1. Picha ngapi zinatosha?
2. Nipange kwa mfuatano wa miaka au kwa mada?
3. Picha nizitoe wapi bila kuingia matatani na hakimiliki?
4. Makosa gani wahadhiri wapya huyarudia?

Plasta_Mbichi

Mkuu, kwa picha 50 watu watatoka macho yamechoka na hakuna hata moja wanayoweza kuieleza wakifika nyumbani.

Saa moja inabeba kazi 10. Igawe hivi: kazi kubwa 3, dakika 9 kila moja, jumla 27. Kazi ndogo 7 za kulinganishia, dakika mbili na nusu kila moja, hapo ni 17 na nusu. Dakika 3 za mwanzo ni za kimya: picha ya kwanza iko ukutani na wewe husemi kitu. Zinabaki dakika 12 na nusu za maswali, na hizo usiziguse. Mhadhiri aliyechelewesha mambo hula muda wa maswali kwanza, wakati kwa wanaoanza sehemu kubwa ya kujifunza iko hapo.

Zile dakika 3 za kimya zitakutisha. Ya kwanza watu wanakohoa na kuangaliana. Ya pili wanatulia. Ya tatu utamsikia mtu anamnong'oneza jirani, "umeona kile pale?" Usitaje mchoraji wala mwaka kabla hazijaisha, maana mtu akishasikia jina anaacha kutazama na kuanza kunakili.

Kuhusu mpangilio, kwa hadhira inayoingia na kutoka mimi ningefuata malighafi. Mhadhara wa kwanza ni wa namna ya kutazama, na mzigo mkubwa unabebwa na mchoro mmoja. Wa pili ni ukuta na chokaa. Wa tatu jiwe na shaba. Wa nne rangi ya mafuta. Wa tano chapa za mbao na za shaba, kuanzia Dürer wa Ujerumani hadi Hokusai wa Japani. Wa sita ni kamera na rangi za kwenye tyubu: upigaji picha ulitangazwa kwa umma mwaka 1839, tyubu ya bati ya rangi ikapewa hataza mwaka 1841, na mwaka 1874 mchoraji Monet na wenzake wakafanya maonyesho yao ya kwanza Paris. Aliyekosa wa pili hapotei kwenye wa tano.

Faida ya njia hii ni kwamba msikilizaji anapata sababu, siyo majina tu. Chukua mhadhara wa ukuta. Fundi anapaka plasta ya chokaa na mchanga, tabaka la chini la mchanga mkubwa, la juu laini. La juu halipakwi ukuta mzima. Linapakwa eneo litakalomalizika siku hiyohiyo, na Waitaliano huliita giornata, yaani kazi ya kutwa. Rangi inakorogwa na maji matupu, bila gundi, na kupakwa plasta ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka inavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, chembe za rangi zikiwa zimefungiwa humo. Ndiyo sababu michoro ya Giotto, mchoraji wa Italia, katika kanisa dogo la Scrovegni, Padua, ya mwaka 1305 hivi, bado inasomeka vizuri.

Halafu waonyeshe palipobanduka katika michoro hiyohiyo: joho la buluu la Maria. Buluu ya azuriti haikupatana na chokaa mbichi, ikapakwa ukuta ukiwa umeshakauka, kwa gundi. Ilipochoka gundi, ikaanguka na buluu yake.

Baada ya hapo weka *Karamu ya Mwisho* ya Leonardo, Milan, ya miaka ya 1495 hadi 1498, useme jambo moja tu: alichora juu ya ukuta mkavu, kwa sababu alitaka kufanya kazi polepole na kurudia kurekebisha. Nyamaza. Watakisia wenyewe kilichofuata, na watakuwa wamepatia: ilianza kubanduka ndani ya miongo michache.

Kamba_ya_Mita5

Nakubaliana na Plasta kwenye idadi ya picha na zile dakika za kimya. Kwenye mpangilio, nusu nusu. Malighafi inaeleza kwa nini kitu kiko hivyo, ila mtu anaweza kuhudhuria yote 6 na bado asijue kama Parthenon, hekalu la Wagiriki wa kale, ilitangulia kabla ya Giotto kwa miaka 200 au 2,000. Kwa anayeanza hilo ni pengo kubwa.

Dawa yake haihitaji kubadili ratiba. Tafuta kamba ya mita 5, itandaze ukutani kwa urefu wa ukumbi, iache hapo wiki zote 6. Sentimita 1 ni miaka 10. Mwanzo wa kamba ni mwaka 3000 KK, mwisho ni mwaka 2000. Kila kazi unayoionyesha, andika kikaratasi ukibane na kibanio cha nguo mahali pake:

- Piramidi kuu ya Giza: sentimita 44 tangu mwanzo
- Parthenon: 255, karibu katikati kabisa
- Giotto, Padua: 430
- Vichwa vya shaba vya Ife, Nigeria: 435 hivi
- Van Eyck, wanandoa wa Arnolfini, 1434: 443
- Velázquez, *Las Meninas*, 1656: 466
- *Wimbi Kuu* la Hokusai, mwaka 1831 hivi: 483
- *Guernica* ya Picasso, 1937: 494

Kuanzia Giotto hadi mwisho wa kamba ni sentimita 70. Vitabu vingi vya utangulizi hutumia nusu ya kurasa zake kwenye hizo 70, na msikilizaji akiiona kamba hahitaji kuhubiriwa juu ya upendeleo huo. Mtu akiuliza mapango yako wapi, mpeleke mlangoni: Lascaux ya Ufaransa, yenye miaka kama 17,000, iko mita 12 kabla ya kamba kuanza. Mistari ya okra nyekundu (udongo wa rangi) kwenye kipande cha jiwe cha pango la Blombos, Afrika Kusini, yenye miaka kama 73,000, iko mita 68 huko nje.

Jihadhari na jambo moja: pima kwa futi ya chuma au ya utepe, usikadirie kwa macho. Kikaratasi kikikaa sentimita 10 pembeni umekosea karne nzima, na lazima atokee wa kukugundua.

Fremu_Tupu

Mimi nachangia upande wa ukutani, maana mihadhara mingi huharibikia hapo kabla mhadhiri hajafungua mdomo.

*Ukubwa.* Projekta inafanya kila kitu kilingane. *Mona Lisa* ni sentimita 77 kwa 53, *Guernica* ni 349 kwa 776, na kwenye skrini zote mbili zinajaa. Msikilizaji anaondoka akiamini zinalingana. Weka pembeni ya kila picha umbo jeusi la mtu wa sentimita 170 kwa kipimo sahihi. Kwa kazi mbili tatu fanya zaidi: bandika tepu ya karatasi ukutani kwa urefu wa *Guernica*, mita 7 na sentimita 76, uwaache watembee kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa Hokusai inua karatasi ya A4 juu ya kichwa chako. *Wimbi Kuu* ni kama sentimita 25 kwa 37, limeizidi kwa sentimita chache tu.

*Umbo.* Kabla ya yote hakikisha projekta haivuti picha kujaza upana. El Greco alirefusha watu wake kwa makusudi, Modigliani naye shingo. Projekta ikiwanenepesha, mhadhara wako wa nusu saa juu ya mistari mirefu umekufa na hujui kwa nini watu wanakutazama kwa mshangao. Kipimo ni rahisi: tengeneza slaidi yenye duara moja. Duara likitoka yai, rekebisha. Pia usiinamishe projekta kutoka chini halafu ukaitegemea ijinyooshe yenyewe. Kunyoosha huko kunakula pikseli na kulegeza ukali wa picha. Inyanyue juu ya vitabu hadi ikae sawa na skrini.

*Rangi.* Projekta nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya mwanga mkali wa mikutano ya ofisini, na hali hiyo huelekea kijani. Chagua ya sinema au ya sRGB. Mwanga utapungua, ngozi za watu zitarudi kuwa ngozi. Mandhari ya slaidi yawe kijivu cha giza au nyeusi. Mandhari meupe yanabana mboni za macho na vivuli vyote vya Caravaggio vinageuka shimo moja jeusi.

*Taa.* Usizime zote. Zima za karibu na skrini, acha za nyuma. Gizani watu hawaandiki, na baada ya dakika 20 wanasinzia.

*Ukali.* Projekta ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Picha ya wima itatumia zile 1,080 tu za urefu, kwa hiyo faili la kawaida linatosha kuonyesha kazi nzima. Ila ukitaka kusogea hadi kwenye kioo cha nyuma katika mchoro wa van Eyck unahitaji faili la pikseli 6,000 au zaidi. Usikuze slaidi mbele ya watu; kata vipande mapema, kila kipande slaidi yake.

*Hakimiliki.* Hapa kuna kufuli mbili, ya kazi na ya picha ya kazi. Kazi: nchi nyingi humlinda msanii hadi miaka 70 baada ya kifo, nyingine 50, kwa hiyo soma sheria ya ulipo. Picasso alifariki 1973, na penye miaka 70 kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2043. Picha: kwa mchoro bapa wa zamani uliopigwa picha kama ulivyo, mahakama ya Marekani ilisema mwaka 1999 kwamba mpiga picha hapati haki mpya. Kwa sanamu ni tofauti, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua upande, taa na kivuli. Usitake kesi: chukua picha kwa makumbusho yaliyoziachia. Metropolitan ya New York iliachia picha za kazi zake zisizolindwa tena mwaka 2017 chini ya alama ya CC0, maana yake unatumia bila kuomba ruhusa. Art Institute of Chicago ikafuata 2018. National Gallery of Art ya Washington na Rijksmuseum ya Amsterdam nazo zina maelfu. Kwenye ukurasa wa kutafutia wa Metropolitan weka alama penye "Open Access" kwanza, ndipo uandike jina la msanii.

Faili ukilipakua lipe jina hapohapo: msanii, kazi, mwaka, makumbusho. Ukiacha lile jina la tarakimu tupu, wiki ya nne utakuwa na mafaili 60 usiyoyatambua.

Nta_na_Shaba

Swali la 4, makosa. Yapo manne ambayo hayafi.

La kwanza ni kusema sanamu za Wagiriki zilikuwa nyeupe. Zilipakwa rangi, na mabaki ya rangi yamepatikana kwenye nyingi. Isitoshe, mengi tunayoyaita "ya Kigiriki" ni nakala za marumaru zilizofanywa na Warumi kutoka sanamu za shaba ambazo baadaye ziliyeyushwa. Ndiyo maana unaona kigogo cha mti kimeegemea mguu wa sanamu bila sababu: shaba ilisimama yenyewe, marumaru ingevunjika kwenye kifundo cha mguu. Onyesha kigogo hicho, waulize kinafanya nini pale. Ni swali zuri kuliko tarehe yoyote.

La pili ni Benin. Bamba za Benin zilitoka ufalme uliokuwa Nigeria ya leo, mji wa Benin City, siyo Jamhuri ya Benin. Huitwa za bronzi, ila nyingi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Zilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Usipitie hapo haraka. Fundi anatengeneza umbo kwa nta, analifunika kwa udongo, anachoma, nta inayeyuka na kutoka, shaba inamiminwa mahali ilipokuwa nta, kisha udongo unavunjwa. Kwa kuwa kalibu inavunjwa, kila kipande ni kimoja tu duniani. Ukishaeleza hilo ndipo uoneshe vichwa vya Ife, ambavyo baadhi ni shaba karibu tupu, ngumu zaidi kumimina kuliko iliyochanganywa. Wasikilizaji wataelewa ufundi ulikuwa wa kiwango gani bila wewe kutumia maneno ya kusifu.

La tatu, "van Eyck aligundua rangi ya mafuta". Hadithi hii aliieneza Vasari katika kitabu chake cha maisha ya wasanii cha mwaka 1550. Mafuta yalitumika karne nyingi kabla. Alichofanya van Eyck ni kupaka tabaka jembamba juu ya jembamba, linalopitisha mwanga, hata mwanga unaingia hadi chini na kurudi.

La nne linamhusu yeye tena: ule mchoro wa wanandoa wa Arnolfini, National Gallery, London. Ni mzuri kwa mhadhara wa kwanza, ila wahadhiri huugeuza fumbo lenye majibu yote. "Mbwa ni uaminifu, mshumaa ni Mungu, mama ana mimba." Polepole. Gauni lile lina kitambaa kingi ambacho mwanamke amekikusanya mbele, kwa mtindo wa wakati ule. Panofsky, mwanahistoria wa sanaa, aliandika mwaka 1934 kwamba mchoro ni kama cheti cha ndoa, na watafiti wamembishia tangu hapo. Anza na kisichobishaniwa: ni ubao wa mwaloni wa sentimita 82 kwa 60. Mwanga unatoka dirisha la kushoto. Mshumaa mmoja tu unawaka, mchana kweupe. Kioo cha mviringo cha nyuma kinaonyesha migongo ya wawili hawa na watu wengine wawili mlangoni, mahali tuliposimama sisi. Juu ya kioo pameandikwa kwa Kilatini, "Jan van Eyck alikuwa hapa 1434". Ukiwafikisha kwenye kioo ndani ya dakika 9 umefanya kazi kubwa.

Nyongeza kuhusu zile kazi 7 za kulinganishia: linganisha vitu vyenye jambo moja sawa, la sivyo hakuna cha kulinganisha. Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa, alizoeza wanafunzi wake kutazama slaidi mbili ubavu kwa ubavu zaidi ya miaka 100 iliyopita na bado hatujapata njia bora. Waweke Daudi watatu. Wa shaba wa Donatello ameshaua, kichwa cha Goliathi kiko chini ya mguu wake. Wa Michelangelo, 1501 hadi 1504, bado hajarusha, anapima adui kwa macho. Wa Bernini, 1623 hadi 1624, yuko katikati ya kurusha, midomo imebanwa. Uliza tu: "Goliathi yuko wapi?" Na umbo jeusi la Fremu_Tupu lisisahaulike, kwa sababu wa Michelangelo ana mita 5 na sentimita 17, wa Bernini ana sentimita 170.

Mgeni_wa_Ukumbi

Wakuu, ahsanteni, rasimu nimeshaichana. Mawili yamebaki. Mosi, niwape karatasi ya maelezo kabla au baada? Pili, hao Daudi wawili wa kwanza wako uchi, na mlango uko wazi kwa wote, wakiwemo wazee na wazazi wenye watoto. Nifanyeje?

Plasta_Mbichi

Karatasi wape mlangoni, ila ichape pande mbili. Mbele weka namba 1 hadi 10 na nafasi tupu ya mistari mitatu kwa kila namba, bila majina. Nyuma weka msanii, kazi, mwaka, malighafi, vipimo na makumbusho ilipo. Waambie wasigeuze hadi utakapowaambia, wengi watatii. Majina kama Velázquez na Brunelleschi hayaandikiki kwa kusikia, na bila upande wa nyuma hawataweza kuyatafuta baadaye. Atakayetaka kuendelea mwelekeze Smarthistory, kuna video fupi za watu wawili wanaozungumza mbele ya kazi, bure. Anayependa kozi ndefu, Open Yale Courses ina mihadhara yote ya Diana Kleiner ya usanifu wa Kirumi.

Fremu_Tupu

Kuhusu uchi: sema mapema, kwenye tangazo la wiki hiyo, kwa sentensi moja: "Mhadhara huu una sanamu za watu wasiovaa nguo." Mzazi ataamua mwenyewe. Usizibe kwa viboksi vyeusi, maana kiboksi kinavuta jicho kuliko kilichozibwa, na wewe unataka watazame mkono wenye kombeo. Kama ukumbi wenyewe haukubali, anza na kipande cha kichwa na bega la Daudi wa Michelangelo. Macho na mshipa wa shingo vinatosha kueleza kwamba bado hajarusha. Wa Bernini ana kitambaa kiunoni, huyo muweke mzima.

Na fika dakika 40 kabla. Slaidi ya duara kwanza, halafu zima kipengele cha kompyuta kulala chenyewe, kwa sababu dakika 3 za kimya bila kugusa kitu zinatosha skrini kuzimika.

Nta_na_Shaba

Kwa zile dakika 12 za mwisho, usiulize "kuna swali?" Utapata kimya kibaya. Rudisha picha ya kwanza skrinini na uulize wameona nini ambacho mwanzoni hawakukiona. Mtu wa kwanza akijibu, mwombe aje aoneshe kwa kidole.

Kamba_ya_Mita5

Na vibanio vya nguo nunua vya mbao. Vya plastiki vinateleza kwenye kamba.